Papa wa Bahari na Papa wa Roma: Neno Moja, Asili Mbili

Kiswahili kina maneno mengi yenye umbo moja na maana zaidi ya moja. Kaa ni mnyama wa pwani aendaye upande, ni kipande cha kuni kilichoungua, na ni amri apewayo mtu aketi. Paa ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitendo cha kwenda juu. Washairi wetu wameyapenda sana maneno ya namna hii, kwani humwezesha mtunzi kusema jambo moja na kukusudia jingine, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, anajulikana mpaka leo kwa ustadi wake wa kuyachezea. Miongoni mwa maneno hayo limo moja ambalo huchekesha watu mabarazani, na ambalo historia yake ni pana kuliko kicheko chenyewe. Hilo ni neno papa.

Ukilitamka neno hili mbele ya mchuuzi wa samaki wa Malindi, Unguja, atafahamu kuwa unamtaka samaki mwenye ngozi ya kukwaruza na meno makali. Ukilitamka mbele ya muumini wa Kikatoliki atokaye ibadani kwenye Minara Miwili, katika mji huo huo, atafahamu kuwa unamkusudia Askofu wa Roma, mkuu wa kanisa lake. Maana hizi mbili zimekaa pamoja katika mji mmoja bila ya kugombana. Makala haya yanakusudia kuuliza zilikutanaje, kila moja ilitoka wapi, na kwa nini tunapaswa kujali iwapo moja kati yake itafifia.

Njia mbili za neno kupata maana mbili

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Liko neno ambalo lilianza na maana moja, kisha watu wakaiazima maana hiyo na kuipeleka kwenye kitu kingine kwa sababu ya kufanana. Na yako maneno mawili yasiyo na udugu wowote, yaliyotoka pande mbali mbali yakakutana katika sauti moja kwa bahati tu. Wataalamu wa lugha huliita la kwanza polisemia na la pili homonimia. Tofauti hii si ya vyuoni tu. Katika la kwanza, ukiijua maana moja utaweza kuieleza ya pili. Katika la pili, jitihada ya kuzifunganisha maana hizo itakutungia hadithi isiyokuwapo.

Mfano mzuri wa aina ya kwanza ni neno kardinali. Asili yake ni Kilatini, cardo, yaani bawaba ya mlango. Milango ya Warumi ilizunguka juu ya vigingi vilivyopachikwa katika kizingiti cha juu na cha chini, kama ilivyo milango mingi ya kale ya nakshi katika miji yetu. Padri aliyepachikwa katika kanisa fulani kuu, kama kigingi kipachikwavyo katika tundu lake, aliitwa kwa jina la bawaba, na baadaye jina hilo likawa la washauri wakuu wa Askofu wa Roma. Hao nao wakavaa nyekundu. Mwaka 1245 Papa Inosenti wa Nne aliwapa kofia nyekundu, na mwaka 1464 Papa Paulo wa Pili akaamuru joho lao litiwe rangi ya wadudu wadogo wa kwenye miti ya mialoni, ambao Waarabu waliwaita qirmizi, kwani rangi ya zambarau iliyotokana na konokono wa baharini ilikuwa imeadimika baada ya kuanguka kwa Konstantinopoli mwaka 1453. Kisha wazungu walipofika Amerika ya Kaskazini na kumwona ndege mwekundu mwenye shungi, wakakumbuka joho hilo. Mwaka 1758 mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, alimwandika ndege huyo kwa jina la cardinalis. Kwa hiyo mdudu aliipa nguo rangi, nguo ikampa ndege jina, na kila hatua ya safari hiyo inaelezeka.

Jambo kama hilo limetokea mpaka katika mashamba yetu. Yuko ndege mdogo wa kisiwani na mwambao, ambaye dume lake wakati wa kuzaa huvaa manyoya mekundu kichwani na meusi tumboni. Wanasayansi humwita Euplectes nigroventris, na vitabu vya Kiingereza humwita "askofu mwekundu wa Zanzibar". Uaskofu huo hakupewa na mkulima wa mpunga amwonaye kila msimu. Alipewa na wageni waliokuja na picha ya maaskofu wao vichwani. Hapa vile vile maana moja imetoka katika nyingine, na tunaweza kuonyesha njia iliyopita.

Papa si wa namna hiyo. Hakuna mtu aliyemtazama samaki akamkumbuka Askofu wa Roma, wala aliyemtazama Askofu wa Roma akamkumbuka samaki. Maneno haya ni mawili.

Papa wa baharini

Neno papa kwa maana ya samaki ni la zamani katika Kiswahili. Kamusi ya mmisionari Ludwig Krapf, aliyeishi Mombasa na Rabai tangu miaka ya 1840, ilichapishwa mwaka 1882, na neno hilo limo. Lakini kamusi ni cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa mtoto akiwa mtu mzima. Wavuvi walikuwa wakilitumia neno hili kabla ya mtu yeyote kufikiria kuliandika kwa herufi za Kirumi.

Je, neno hili tuliliazima? Wageni waliokuja na pepo za kaskazi walikuwa na majina yao ya samaki huyu. Mwarabu humwita qirshi, na wavuvi wa Oman na Ghuba humwita jarjuri. Mreno alimwita tubarão. Hapana hata jina moja kati ya hayo linalokaribiana na papa. Zaidi ya hayo, Kiarabu hakina sauti ya p, na neno lenye p mbili lisingeweza kutoka huko likiwa na umbo hilo. Kwa hivyo ushahidi tulio nao unaelekeza hapa hapa kwetu, kwa watu waliozijua bahari hizi kabla ya kuja kwa vyombo vya mbali. Wako wanaopenda kulifunganisha neno hili na kitenzi papasa, au na papatika, wakisema kuwa samaki huyu hupapasa chini ya maji au hupapatika anapovuliwa. Ni maelezo matamu barazani, lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Tumeshaona kuwa bahati nayo hufananisha.

Lililo wazi ni kuwa neno hili limezaa. Watu hawazai majina mengi kwa kitu wasichokijua. Mvuvi wetu hasemi papa tu akanyamaza. Yuko papa upanga, mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili mithili ya msumeno, ambaye kwa wanasayansi huhesabiwa pamoja na taa. Yuko pingusi, ambaye kichwa chake kimepanuka kama nyundo. Yuko potwe, mkubwa kuliko samaki wote duniani, anayeweza kupita urefu wa mita 12, na ambaye katika mwambao wa Kenya huitwa papa shilingi kwa ajili ya madoa yake meupe yaliyotapakaa mgongoni kama sarafu. Jina hilo la mwisho lina tarehe ndani yake, kwani halikuweza kutungwa kabla ya shilingi kuingia mifukoni mwa watu, na shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921. Uko na wavu wake, jarife, wenye matundu makubwa. Na iko biashara yake. Majahazi ya Hadhramaut na ya pwani ya Somalia yalileta papa mkavu pamoja na chumvi katika bandari zetu kwa vizazi vingi, na papa mkavu wa nazi bado ni chakula kinachopendwa mezani kwetu.

Zaidi ya nyama, papa alitoa mafuta. Ini lake huchemshwa likatoa mafuta mazito yenye harufu kali, ambayo mabaharia huyapaka mbao za chombo zisipasuke kwa jua na maji ya chumvi. Mafuta hayo huitwa sifa. Hapa msomaji mpenda mashairi atatabasamu, kwani sifa ni neno la pili lenye hali ile ile. Mshairi hulifungua shairi lake kwa sifa za Mola, wakristo huimba sifa kanisani, na baharia huipaka sifa ubavuni mwa dau lake. Sifa ya kumsifu imetoka katika Kiarabu, na kamusi zetu huliandika neno la mafuta kuwa ni neno jingine. Mtu aliyekulia bandarini huyajua yote mawili bila ya kufundishwa, na pua yake humwambia lipi linakusudiwa.

Papa wa Roma

Papa wa pili alianza safari yake katika kinywa cha mtoto mchanga. Wagiriki wa kale walikuwa na neno pappas, ambalo mtoto humwitia baba yake kwa mapenzi. Limo katika utenzi mkongwe wa Odisi, pale binti mfalme Nausikaa anapombembeleza baba yake ampatie gari la nyumbu apeleke nguo mtoni kufuliwa. Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson, katika makala iliyochapishwa mwaka 1960, alieleza kwa nini maneno kama mama, papa na baba yanafanana katika lugha zisizo na udugu. Sauti za midomo, m, p na b, ni miongoni mwa zile ambazo mtoto huziweza mapema, na wazazi hukimbilia kuzifanya kuwa majina yao wenyewe. Kwa hiyo papa wa Mgiriki na baba wa Mswahili hawahitaji kuwa ndugu wa damu ili wafanane. Walifundishwa na mwalimu mmoja, naye ni mtoto.

Kutoka nyumbani neno hilo liliingia kanisani, kwani wakristo wa mwanzo waliwaita wachungaji wao baba. Na hapa pana jambo ambalo Mwafrika anapaswa kulijua. Ushahidi wa mapema wa askofu kuitwa papa hautoki Roma. Unatoka Aleksandria, katika nchi ya Misri, ambako Herakla, aliyekuwa askofu wa mji huo kuanzia mwaka 232 hadi 248, alitajwa kwa cheo hicho na Dionisi aliyemfuata. Katika karne hiyo hiyo ya tatu, barua zilizotumwa kutoka Roma kwenda Karthago, katika Tunisia ya leo, zilimwita askofu wa huko, Sipriani, kwa jina la papa. Kwa askofu wa Roma mwenyewe, ushahidi wa kwanza tunaoujua ni maandishi yaliyochongwa katika makaburi ya chini ya ardhi ya Kalisto, yanayomtaja Papa Marselino, aliyefariki mwaka 304. Yaani neno hili lilikuwa cheo barani Afrika zaidi ya nusu karne kabla ya kuonekana katika jiwe la Roma.

Kwa muda mrefu cheo hiki hakikuwa cha mtu mmoja. Maaskofu wengi wa magharibi waliitwa hivyo, na kwa Wagiriki hadi leo padri wa kawaida wa kijijini huitwa papas. Ni polepole tu ambapo magharibi walianza kulihifadhi kwa ajili ya Roma, na mwaka 1075, katika orodha ya kanuni iliyoandikwa zama za Papa Gregori wa Saba, ikatamkwa kuwa jina hilo ni la mmoja tu duniani. Lakini Aleksandria haikuliacha. Mkuu wa Wakopti wa Misri anaitwa Papa, na mkuu wa Waorthodoksi wa Kigiriki wa mji huo anaitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika yote. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wako chini ya huyu wa mwisho. Kwa hiyo hata katika Kiswahili cha leo, mtu akisema Papa kwa maana ya kanisa, iko haki ya kumwuliza: yupi?

Neno hili lilitufikia lini? Wareno walipita pwani yetu mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, na watawa wa Mtakatifu Augustino wakafungua nyumba yao mjini humo mwaka 1597. Katika lugha yao Papa ni Papa. Hapana shaka watu wa Mombasa walilisikia likitajwa, na mfalme wao Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa huko kabla ya kuwaasi Wareno mwaka 1631, alilijua vizuri. Lakini kulisikia neno si kulimiliki. Wareno walituachia meza, bendera na mvinyo. Matumizi ya Papa tuliyo nayo leo yalijengeka katika zama za pili za wamisionari, baada ya mapadri Wakatoliki kufika Unguja mwaka 1860 na kufungua kituo cha Bagamoyo mwaka 1868.

Wamisionari hao walikuta nafasi imekwisha kukaliwa. Huenda ndiyo sababu jina la heshima lililoenea zaidi kwa waumini wenyewe ni Baba Mtakatifu, na Papa likabaki zaidi kuwa neno la habari na la vitabu. Ukitazama vizuri utaona kuwa Baba Mtakatifu ni tafsiri, na ni tafsiri iliyorudi nyumbani. Wamisionari walilileta neno la kigeni ambalo maana yake ni baba, waumini wakalitafsiri kwa neno lao la baba, wala wengi hawakujua kuwa walikuwa wakisema jambo lile lile mara mbili.

Pale herufi zilipokuwa moja

Mkutano wa maneno haya una sura nyingine ambayo wapenzi wa tenzi za kale wataithamini. Kabla ya herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tenzi zetu za kale, tangu ule wa Tambuka wa mwaka 1728, zilitufikia kwa hati hiyo. Kiarabu, kama tulivyosema, hakina p. Waandishi wengi walitumia herufi moja, ba, kwa sauti ya b na kwa sauti ya p, na msomaji aliachiwa ajue mwenyewe. Wengine baadaye walizidisha nukta kwa mfano wa Waajemi ili kuondoa shaka, lakini katika miswada mingi baba na papa huandikwa sawasawa.

Fikiria basi ukurasa mmoja wa hati hiyo. Baba aliyemzaa mtu, papa aliyemla mtu, na Papa wa Roma, wote watatu wangeandikwa kwa umbo moja. Wala si ajabu, kwani Kiarabu chenyewe humwita Askofu wa Roma al-Baba. Mwanachuoni wa Lamu au Unguja aliyesoma khabari za Warumi katika vitabu vya Kiarabu alimjua Papa kwa jina la Baba muda mrefu kabla ya mmisionari kumletea jina la Papa. Ni muktadha peke yake uliotenganisha, na wasomaji wa zamani walikuwa hodari wa muktadha kutushinda sisi, kwani walisoma kwa kusikiliza: mizani na vina viliwaambia neno gani linakubalika pale.

Herufi za Kirumi zilileta b na p, kisha zikaleta herufi kubwa. Leo gazeti huandika Papa kwa herufi kubwa na papa kwa herufi ndogo, na tunadhani tatizo limekwisha. Lakini mdomo hauna herufi kubwa. Katika sarufi vile vile maneno haya yanakaa pamoja, kwani mwenye uhai huchukua upatanisho wa a na wa: papa amekuja, Papa amekuja. Tofauti huonekana katika wingi. Mvuvi husema papa watatu, na mwandishi wa historia ya kanisa husema Mapapa watatu, kama asemavyo maaskofu na mapadri. Tena mvuvi akisema mapapa, anakusudia wale wakubwa wa kutisha.

Ukubwa huo wa kutisha ndio ulioipeleka maana ya baharini katika siasa. Mwaka 2009 magazeti ya Tanzania yalijaa usemi wa mafisadi papa, yaani wale wakubwa wanaomeza mali ya umma kama papa amezavyo samaki wadogo, na majibu yakaja kwa lugha hiyo hiyo, wengine wakaitwa nyangumi. Hapa, tofauti na habari ya kanisa, tumerudi katika polisemia. Maana mpya ilizaliwa na ile ya zamani, na kila aliyeisikia alielewa bila ya kufafanuliwa, kwa sababu kila mtu wa pwani anajua papa hufanya nini.

Liko na jambo moja ambalo bahati imelifanya kwa ustadi kama wa mshairi. Askofu wa Roma huvaa pete iitwayo Pete ya Mvuvi, yenye sura ya mtume Petro akivua, kwani Petro alikuwa mvuvi kabla ya kuwa mtume. Muhuri wa Mvuvi umetajwa katika barua ya Papa Klementi wa Nne ya mwaka 1265. Papa anapofariki pete hiyo huharibiwa, asipatikane mtu wa kupiga muhuri kwa jina la marehemu, kama ilivyofanyika baada ya kifo cha Papa Fransisko tarehe 21 Aprili 2025, kabla ya Papa Leo wa Kumi na Nne kuchaguliwa tarehe 8 Mei mwaka huo huo. Katika Kiswahili peke yake inawezekana kusema kwa ukweli kamili kuwa Papa anavaa pete ya mvuvi. Hili halithibitishi udugu wowote baina ya maneno mawili. Linathibitisha tu kwamba lugha ikiishi miaka mingi karibu na bahari, kila kitu huishia kugusa maji.

Yupi atakayebaki?

Tumeona kuwa Papa wa Roma hana hatari ya kusahauliwa katika lugha yetu. Kila anapochaguliwa mpya, redio na magazeti hulirudia jina lake kwa wiki nzima. Hatari iko kwa yule wa kwanza.

Papa wa baharini si kama dagaa. Huchelewa kupevuka, aina nyingi huzaa watoto wachache, na ukivua wengi kwa mara moja huchukua miaka mingi kurudi. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2021 iligundua kuwa zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa, taa na jamaa zao ziko katika hatari ya kutoweka duniani, na sababu kubwa ni kuvuliwa kupita kiasi. Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2020 baada ya kutazama miamba ya matumbawe katika nchi na maeneo 58, ulikuta kuwa karibu katika mwamba mmoja kati ya mitano papa ni kama hawapo tena. Potwe wa Mafia, ambao husogea karibu na Kilindoni kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Machi na kuwavutia wageni, ni wa aina iliyotangazwa kuwa hatarini mwaka 2016. Papa upanga yu katika daraja la hatari kubwa kabisa, na katika maji ya Afrika Mashariki amekuwa nadra mno.

Neno haliondoki siku ile kitu kinapoondoka. Hubaki, lakini hupungua uzito. Kwanza hupotea majina ya aina: kijana husema papa, akashindwa kumtenga pingusi na mwengine. Kisha hupotea majina ya vyombo na kazi, jarife na sifa, kwa sababu nyavu zimebadilika na mbao hupakwa rangi ya dukani. Mwisho hubaki jina la jumla, analolijua mtoto kutoka katika picha ya kitabu. Siku hiyo usemi wa fisadi papa utahitaji maelezo, na shairi lililotungwa juu ya utata wa neno hili litahitaji tanbihi chini ya ukurasa. Homonimia inataka pande mbili zilizo hai. Upande mmoja ukifa, hakuna tena mchezo wa maneno, kuna neno moja tu na kivuli.

Kwa hiyo yako mambo mawili ambayo wapenzi wa lugha wanaweza kuyafanya bila ya kungojea serikali. La kwanza ni kukataa tafsiri za haraka. Tunapotafsiri vitabu vya viumbe vya kigeni, tusimwite yule ndege wa mashamba yetu "askofu mwekundu" kwa sababu tu Mwingereza alimwita hivyo. Tuulize kwanza wenyeji wa Makunduchi, wa Micheweni, wa Lamu, wao wanamwitaje. La pili ni kuyaandika majina ya baharini wakati wenye kuyajua wangali hai. Anayeishi karibu na diko achukue daftari, amkalishe mzee mmoja, amwulize: papa ni wa namna ngapi, kila mmoja anaitwaje, jina hilo limetokana na nini, anavuliwa kwa nini na mwezi gani, na kisiwa cha jirani humwitaje. Aandike majibu kama yalivyotamkwa, kwa lahaja ile ile, bila ya kuyasanifisha. Daftari kama hizo zikipatikana kumi tu, kutoka Kiwayu mpaka Kilwa, mtunga kamusi ajaye ataweza kuliandikia neno papa kurasa badala ya mstari mmoja, na kujua kwa hakika ni wapi pa kumweka yule wa Roma.